Meneja Aliniuliza Mara Moja

Siku ya kwanza kazini nilifika saa nne asubuhi, na mazoezi yalikuwa saa nane mchana. Mama alikuwa amenipigia pasi suruali ya kuchezea, mstari umesimama mbele kama wa karani wa benki, na baba alinishusha getini bila kuzima injini. Tulikuwa tunakaa Shively, upande wa kusini magharibi wa Louisville, na uwanja uko karibu na mto, kwa hiyo safari haikuwa ndefu. Mlinzi aliniangalia, akaiangalia suruali, akaniambia wauza bisi wanapita mlango wa nyuma. Nikapita huo huo wa nyuma. Sikuona sababu ya kuanza kazi kwa ugomvi.

Meneja wa Louisville alikuwa mtu mnene aliyependa kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilimwendea, nikavua kofia, nikainamisha kichwa, maana ndivyo nilivyolelewa kumwamkia mtu mzima. Akaniuliza nimeangusha nini.

"Sijaangusha kitu," nikamwambia. "Nakusalimia."

"Nisalimie kwa kudaka mipira," akasema. Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu, na kwa kweli hayakuwa mabaya.

Kabla ya hapo nilikuwa nimecheza miaka mitatu katika timu za miji midogo, lakini ile siihesabu kuwa kazi. Ile ilikuwa shule. Majina ya vilabu vyangu sitayataja. Mabosi wangu wengine bado wako hai, na mawakili wao pia. Nitataja miji tu: Louisville, Columbus na Buffalo. Nimeandika haya kwa sababu vijana wetu wananiuliza msikitini, na hata dukani, mtoto wa Mtanga aliyekuja huku na umri wa miaka minane aliingiaje kwenye besiboli, tena kama shotistopu, halafu akawa meneja. Nitawaeleza kazi ilivyokuwa. Yapo na mengine, ambayo sikuyaeleza huko nyuma, nayo nitayafikia.

Uwanja wa besiboli una vituo vinne, vimepangwa kwa pembe nne. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuvizunguka vituo. Shotistopu anasimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali inapopita mipira mingi ya chini iliyo mikali. Kazi yake ni kuudaka mpira na kuutupa hadi kituo cha kwanza kabla mpigaji hajafika. Ni mbali. Ndiyo maana shotistopu huajiriwa kwa vitu viwili, mikono na bega. Kupiga gongo ni nyongeza tu, na mimi nyongeza hiyo sikujaliwa sana.

Mikono nilikuwa nayo. Kocha wa walinzi wa ndani, yaani wale wanaolinda karibu na vituo, alikuwa akitupigia mipira ya chini mia mbili kila siku kwa gongo refu jembamba la mazoezi. Siku ya tatu akasimama.

"Nani alikufundisha kupokea mpira namna hiyo?"

"Dada yangu."

"Anachezea timu gani?"

"Anachezea kibarazani," nikamwambia, na nilikuwa nasema kweli. Dada Mwanaidi alinifundisha mdako kwenye kibaraza chetu cha Shively, kwa kokoto na ndimu. Unarusha ndimu juu, unazoa kokoto, unaidaka ndimu kabla haijaanguka. Ukiipokea kwa mkono mgumu inakudundia puani. Mpira wa besiboli ni hivyo hivyo. Lazima mkono urudi nyuma nao kidogo, kama unavyompokea mtu mzigo. Kocha alitaka nimwonyeshe. Ukamkuta mzungu wa miaka hamsini amechuchumaa kwenye vumbi anazoa kokoto, na wenzangu wanamcheka. Alikuwa mzito ajabu, mdako haukumkubali kabisa.

Kuna ufundi mwingine ambao mtazamaji hauoni. Mkimbiaji wa timu pinzani akiwa kituo cha kwanza, huenda akaamua kuiba kituo cha pili, na lazima ijulikane nani atakayekikimbilia kituo hicho, shotistopu au mlinzi wa pili. Basi mnafunika mdomo kwa glavu ili wapinzani wasione, mnaangaliana. Shotistopu akifungua mdomo maana yake ni wewe. Akiufunga maana yake ni mimi. Tulifanya hivyo kila mrusho, mchezo mzima, mwaka mzima. Miaka imepita, na mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinikuta nimekaa sebuleni nafunika mdomo kwa gazeti.

Haya. Sasa niwaeleze tulichokuwa tunakitafuta, maana bila hilo hamtaelewa chochote. Timu nilizofanyia kazi katika miji ile mitatu ziko ngazi moja tu chini ya ligi kuu. Juu yenu kuna timu kubwa, na timu hiyo ndiyo inayowamiliki. Wakati wowote, mtu wao akiumia, wanapiga simu kwa meneja wenu wanachukua mmoja. Tuliita kupanda. Mtu anaweza kukaa ngazi yetu miaka kumi, anasubiri, anazeeka, asipande hata siku moja. Huzungumzi na mwenzako jambo jingine. Unakula ukifikiria kupanda, unaoga ukifikiria kupanda. Mlango wa ofisi ya meneja uliogopwa kwa sababu mtu aliitwa mle kwa mambo matatu tu: umepanda, umeshuka, au kazi imekwisha.

Nilikaa Louisville misimu miwili, kisha nikahamishiwa Columbus. Nilikuwa na miaka ishirini na saba.

Meneja wa Columbus alikuwa tofauti na wa ndoo. Mtu mwembamba, mkavu, anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe cha karatasi, na maneno yake yangeenea katika kikombe hicho hicho. Aliwahi kunifundisha kitu kimoja kikubwa. Nilikuwa na tabia ya kuusifu mpira kwanza, nikishaudaka nauangalia. Akaniita.

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Ni mweupe. Kesho utakuwa mweupe vile vile. Tupa."

Sikuuangalia tena. Makosa yangu yalipungua, na mwaka ule kila mtu alijua kwamba atakayefuata kupanda ni mimi.

Kabla sijasema lililotokea, lazima niseme habari ya salamu, kwa ajili ya watoto mliozaliwa huku. Mama yangu alitulea kwa salamu. Kwetu mtu akikuuliza habari, unasema nzuri. Hata kama nyumba inaungua nyuma yako, unasema nzuri. Habari za nyumbani? Nzuri. Za watoto? Wazima. Halafu, baada ya hapo, taratibu, unaleta ila yako. "Nzuri, ila mdogo amelazwa." Nzuri ile ya kwanza ni adabu, habari yenyewe inakuja nyuma ya ila. Na anayeuliza naye anajua, kwa hiyo hana haraka, anangoja. Mama alimdharau mtu anayeulizwa habari akaanza kumwaga shida zake papo hapo. Alimwita mwenye njaa ya kulia.

Basi wiki moja katikati ya msimu niliruka kudaka mpira, nikaangukia bega la kulia, bega la kutupia. Kitu ndani kikasema ta! Sikumwambia mtu. Siku mbili nilicheza kwa dawa za maumivu, na kwa bahati mipira iliyonijia ilikuwa ya karibu. Siku ya tatu, asubuhi, meneja wa Columbus akaniita ofisini. Shotistopu wa juu alikuwa amevunjika kidole. Simu ilikuwa mezani.

Hivi ndivyo nilivyoisimulia habari hii miaka yote, kwa watoto wangu, kwa wachezaji wangu na kwa waandishi wa magazeti wawili watatu walionitafuta. Meneja aliniuliza mara moja. Alisema, "Bega?" Nikajibu kwa Kiingereza, lakini jibu lilikuwa la kwetu: nzuri. Nilikuwa navuta pumzi kuleta ila yangu, nikakuta ameshainua simu anawaambia niko njiani. Mzungu hajui kungoja ila. Watu walicheka kila nilipofika hapo, nami nikacheka nao.

Nikapanda. Nilicheza mchezo mmoja, mchana, jua kali. Mama na baba na Mwanaidi walikuwa jukwaani, Mama amejitanda kanga kuzuia jua. Kipindi cha sita mpira ukapigwa kwenye pengo, yaani kati yangu na mlinzi wa tatu, mahali pa mbali kabisa pa kutupia. Niliudaka vizuri mno. Nikatupa, na bega likachanika. Mpira haukufika kituo cha kwanza wala karibu yake. Ulikwenda kwa watazamaji ukamwagia mama mmoja soda yake yote. Wapinzani wawili wakafunga. Katika vitabu vya takwimu za ligi kuu jina langu limo, mtaniona: mchezo mmoja, kosa moja. Hakuna mstari mwingine chini yake.

Daktari wa timu alinipasua. Nilirudi Columbus, kisha Louisville, wakaniweka kituo cha pili ambako kutupa si mbali, lakini hata huko mkono ulikuwa umekwisha. Nilipofika miaka thelathini na mbili meneja mpya wa Louisville akaniita mlangoni. Nilijua ni lipi kati ya yale matatu.

"Una mikono na una kichwa," akaniambia. "Kaa hapa uwe kocha."

Nikakaa. Kocha wa walinzi wa ndani Louisville miaka saba, nikiwapigia vijana mipira mia mbili kwa mkono wa kushoto. Msaidizi wa meneja Columbus miaka sita. Halafu mkurugenzi wa wachezaji, yule mkubwa wa timu ya juu anayeamua nani aende wapi, akanipeleka Buffalo kuwa meneja. Nilikaa Buffalo miaka kumi na moja. Kule kuna theluji hadi unafungua msimu ukiwa umevaa glavu mbili, ya sufu ndani na ya ngozi nje.

Kazi ya meneja wa ngazi yetu watu hawaielewi. Wanadhani ni kushinda. Kushinda hakuna anayekuuliza sana. Kazi yako ni kumtunzia mkubwa mali yake: huyu apumzike, huyu atupe mara thelathini tu, huyu awe tayari Jumatano. Na kazi nyingine ni ule mlango. Nimewaambia watu wazima wenye watoto kwamba kazi imekwisha, nikawashika mkono, nikarudi kula chakula changu cha mchana. Ukilia na kila mmoja huwezi kufanya kazi. Sikulia.

Mwaka wangu wa nane Buffalo waliniletea shotistopu mmoja anaitwa Ezekieli. Wenzake walimwita Zeki. Siku ya kwanza alikuja ofisini, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Loo! Nilisahau kuitika. Karibu miaka thelathini kwenye kazi ile na hakuna mchezaji aliyewahi kuniamkia. Alikuwa Mrundi, amezaliwa kambi ya wakimbizi kule Kigoma, wakaletwa Buffalo akiwa mdogo, na familia yake ilikuwa inakaa East Side pale pale mjini. Mama yake alikuwa anafanya kazi kiwanda cha kufungasha nyama, na Jumapili kwaya. Aliujaza uwanja wangu akina mama wa kanisa waliovaa vitenge, wanaopiga vigelegele hata mpira ukienda nje.

Na kijana alijua kazi. Mikono laini kuliko yangu, na bega, wallahi, bega lile lilikuwa zawadi. Nilimpenda. Nasema wazi kwa sababu wakati ule sikusema. Miezi mitatu nilimpigia mipira mwenyewe, na kila jioni nilimwandikia mkurugenzi ripoti kwamba huyu yuko tayari. Zeki alijua naandika. Mama yake alijua. Kwaya nzima ilikuwa inasali apande.

Jumanne moja mchana mkurugenzi akapiga simu.

"Wetu ameumia goti. Nitumie wako leo, ndege ya saa kumi na moja. Mzima?"

Nikamwambia anipe nusu saa. Nilikuwa na sababu. Jana yake, mchezo ulipokwisha, nilimwona Zeki kwenye uzio anampa mama yake chupa ya maji kwa mkono wa kushoto. Mzungu asingeliona hilo hata ungemwonyesha kwa kidole. Mtoto aliyelelewa vile, anayeamkia watu wazima, hampi mama yake kitu kwa mkono wa kushoto ila awe hana wa kulia. Mama naye alikiangalia kile kiganja kabla ya kupokea.

Nikamwita ofisini. Nikafunga mlango, nikaanza kwa Kiswahili.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Habari za tangu jana?"

"Nzuri."

"Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Umelalaje?"

"Salama tu."

"Mkono?"

"Nzuri."

Nikanyamaza. Nikachukua kalamu, nikaiweka. Nje kulikuwa na mashine ya kukata nyasi inakwenda na kurudi, nikaisikiliza ikaenda mara mbili. Kijana akakuna shingo.

"Nzuri, ila kiwiko kinawaka moto, mzee," akasema polepole. "Tangu Jumapili. Nikitupa, vidole viwili vinakufa ganzi."

Halafu akaiona simu mezani imegeuziwa upande wangu. Akaelewa. Sijapata kuona uso ukibadilika vile.

"Ni wao? Wamepiga?"

"Wamepiga."

"Mzee, naomba. Siku moja tu nitavumilia. Nitatupa kwa meno. Usiwaambie."

Nikamsimulia habari ya Columbus, kama nilivyowasimulia nyinyi. Meneja hakunipa nafasi, nikamwambia. Aliniuliza mara moja, hakungoja, ndiyo maana leo siwezi kuinua mkono huu kupita sikio. Mimi nimekungoja kwa sababu mwenyewe sikungojwa.

"Lakini wewe ulipanda," Zeki akasema. "Mama yako alikuona."

Nikainua simu mbele yake. Nikamwambia mkurugenzi kwamba mkono wa kijana si mzima, achukue wa akiba. Dakika moja haikufika. Zeki alisimama pale hadi nilipoweka simu chini, kwa adabu ile ile.

"Nilikujibu kama mtoto kwa baba," akasema. "Ungeniuliza kama meneja, ningekujibu kama mchezaji." Akatoka, akaufunga mlango bila kuubamiza.

Madaktari walikuta mshipa wa kiwiko umeanza kuchanika. Wakasema angetupa kwa nguvu mara chache zaidi ungekatika wote, na hapo mkono usingerudi. Mama yake alikuja ofisini siku ya tatu, amebeba bakuli la maharage na ndizi, akakaa kwenye kiti cha wachezaji.

"Nakushukuru, baba," akaniambia. "Umefanya vizuri. Ila mtoto hali."

Zeki alipasuliwa, akakaa nje msimu mzima. Aliporudi mkono ulikuwa mzima, umenyooka, lakini yule wa akiba alikuwa amepanda siku ile na hakushuka tena, na nyuma yake kulikuwa na wengine wadogo zaidi. Simu haikuja. Mwaka mmoja, miwili. Mwaka wangu wa mwisho mkurugenzi aliniandikia jina la Zeki kati ya wanaoachwa, nikamwita mlangoni. Nilikuwa nimeandaa maneno. Hakuniruhusu niyaseme; alinipa mkono, akasema asante, akaenda. Kwa Kiingereza. Miaka sita iliyofuata sikusikia neno lake.

Nilistaafu msimu ule ule. Nilihamia Columbus kwa sababu binti yangu Salma anakaa Northland, na kutoka kwake naweza kutembea hadi Morse Road nikapata unga wa sembe, msikiti na watu wa kubishana nao. Ustaafu haunisumbui. Naangalia michezo ya watoto wa shule kupitia uzio, na nikiona shotistopu anauangalia mpira kabla ya kuutupa nasema kwa sauti, "Ni mweupe!" na wazazi wananigeukia. Vijana wanaotaka kazi hii nawaambia mambo machache: wapokee kwa mkono laini, wasiukimbilie mpira kwa mikono bali waufuate kwa miguu, wale vizuri, wajue kwamba wengi hawatapanda. Wanatikisa vichwa. Kila mmoja anadhani nawazungumzia wenzake.

Nilikuwa na nia ya kuishia hapo. Ila mwezi uliopita nilikuwa kwenye duka moja la Waafrika pale Morse Road, nahangaika na kopo la majani ya chai. Wameliweka rafu ya juu kabisa, sijui wamemwekea nani. Nilikuwa nalivuta kwa mkono wa kushoto kwa mpini wa mwavuli.

"Shikamoo, mzee."

Nikageuka. Zeki, amenenepa kidogo, kavaa fulana ya ghala la mizigo, kikapu mkononi. Pembeni yake binti wa miaka mitano hivi, nywele zimesukwa.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Tulihamia huku mwaka jana, kwa ajili ya kazi." Akaniangalia mkono. "Bega?"

"Nzuri," nikajibu.

Hakuondoka. Alisimama tu mbele yangu, na watu wakatupita kulia na kushoto na matoroli yao, na muuzaji akapigia mtu kelele kuhusu samaki. Nikatambua anafanya nini. Mimi ndiye niliyemfundisha, ofisini kwangu, mashine ya nyasi ikiunguruma.

"Nzuri, ila nilikudanganya," nikamwambia. "Yule meneja wa Columbus alingoja. Hakuinua simu. Alinitazama, akaweka kikombe chake chini, akaniuliza mara ya pili. Akasema, una hakika, maana hakuna atakayekulaumu. Nikasema nzuri mara ya pili. Nikauzungusha mkono hewani nimwonyeshe, machozi yananitoka, nikasingizia jua la dirishani."

Sikuwahi kumwambia mtu. Mke wangu alikufa hajui.

Zeki akaning'iniza kikapu kwenye kiwiko cha kushoto.

"Kwa hiyo ulichagua mwenyewe," akasema.

"Nilichagua."

"Ukijua?"

"Nikijua."

"Mimi hukuniachia nichague."

"Sikukuachia."

"Na ungerudi pale leo, na bega lile lile?"

Nilitaka kumpa jibu la mzee. Nikaona haya.

"Ningesema nzuri," nikamwambia. "Na wewe ningekunyima tena. Ndivyo nilivyo, mwanangu. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe, na mimi sitamsemea. Alinyoosha mkono wa kulia hadi rafu ya juu, umenyooka wote, hakukunja uso, akashusha kopo la chai. Akanipa kwa mkono ule ule, kiganja cha kushoto kimeshika kiwiko, kama mtu anavyompa mkubwa wake. Nikapokea.

"Msalimie babu," akamwambia binti.

"Hai," binti akasema.

"Msalimie vizuri."

Akavuta pumzi. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Nikangoja. Baba yake akangoja. Mtoto akatuangalia mmoja mmoja, akajikuna mguu kwa mguu mwingine, akasema kwa Kiingereza kwamba kiatu cha kushoto kinambana. Zeki akaweka kikapu sakafuni, akapiga goti, akaanza kumlegezea kamba.